Mabegi ya Josie: Maoni ya Mtazamaji wa Sinema za Kifilipino

Nianze na kauli itakayowakera wenzangu: tamthilia nyingi za Kifilipino ni mbovu, na mimi sijaacha kuziangalia tangu nikivaa sare ya shule. Watoto wamebadilishwa hospitalini. Pacha mmoja kakulia jalalani, mwingine kwenye jumba lenye ngazi za kuzunguka. Stelingi kagongwa na gari, kapoteza kumbukumbu, kazinduka anampenda adui yake. Makofi yanapigwa mpaka unajiuliza kama waigizaji hulipwa kwa idadi ya makofi. Unaweza kukosa wiki mbili nzima kwa sababu ya umeme au mitihani, ukirudi unaikuta harusi ileile haijafungwa, padri bado kashika kitabu, na mtu ndiyo kwanza anasukuma mlango wa kanisa kuja kuipinga.

Ubovu huu una sababu, na ukishaijua unawasamehe kidogo waandishi. Tamthilia za Manila huonyeshwa usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na mara nyingi huendelea kuandikwa huku zikiwa tayari hewani. Watazamaji wakiongezeka, hadithi inavutwa. Wakipungua, mtu anauawa haraka. Ang Probinsyano, ile ya Coco Martin akiwa polisi Cardo Dalisay, ilianza Septemba 2015 na ikaisha Agosti 2022. Karibu miaka saba ya mtu mmoja kupigwa risasi na kuamka! Wafilipino wenyewe walifika mahali wakageuza kutokufa kwa Cardo kuwa utani wa taifa zima.

Utani huo una gharama yake lakini. Juni 2019 mzee Eddie Garcia, mwigizaji mkongwe mwenye miaka 90, alijikwaa kwenye waya akiwa anarekodi tukio la tamthilia, akavunjika shingo, na siku chache baadaye akafariki. Ilichukua miaka mitano kupata sheria yenye jina lake, iliyosainiwa Mei 2024. Sheria inasema kazi iwe ya saa 8, na ikizidi isivuke 14 kwa siku. Saa 14, na hiyo ndiyo nafuu! Tangu nisome habari hizo, nikimwona mtu analia saa mbili usiku kwenye runinga huwa nawaza kwamba huenda ni uchovu tu.

Pamoja na ubovu wote huo, angalia vizuri nani anaondoka na nani anarudi. Wengi wa rika langu tuliwajua Wafilipino kupitia Pangako Sa 'Yo, iliyotiwa sauti za Kiingereza na kuletwa kwetu kwa jina la The Promise. Mtaani tulishughulika na Yna na Angelo, tukapaka rangi daftari zetu kwa majina yao. Mimi nilikuwa upande wa Amor. Amor anaanza kama mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya akina Buenavista, anapendwa na kijana wa nyumba, anadhalilishwa, anapotea. Anaporudi ametoka Marekani, ni tajiri, ana jina jipya la Powers na miwani myeusi, na amekuja kulipiza. Wakati ule niliona ni kisasi tu, kama visasi vingine vya tamthilia. Sasa naona ni ndoto ya nchi nzima: dada wa kazi aliyekwenda ng'ambo anarudi akiwa na uwezo wa kumnunua bosi wake wa zamani.

Ufilipino ni nchi iliyoamua kusafirisha watu wake kwa mpango. Mwaka 1974, chini ya Ferdinand Marcos, sheria ya kazi iliweka utaratibu wa serikali wa kupeleka wafanyakazi nje. Ilidhaniwa ni suluhisho la muda. Ikawa ndiyo maisha. Leo hesabu rasmi huwaweka wafanyakazi walioko nje kwenye milioni 2 kwa mwaka, wengi wao wanawake, na fedha wanazotuma zimeshavuka dola bilioni 30 kwa mwaka. Rais Corazon Aquino, aliyemfuata Marcos, aliwaita mashujaa wapya, na jina likakaa. Kila familia ina mtu Dubai, Riyadh, Hong Kong, Milan au melini. Kila familia inajua lile boksi kubwa la katoni linalojazwa kidogo kidogo, sabuni, viatu, nyama ya kopo, chokoleti, taulo, kisha linapakiwa melini kwenda nyumbani kabla ya Krismasi. Waandishi wa sinema hawakuhitaji kutafuta hadithi mbali.

Basi dai langu ni hili: kitu bora ambacho Wafilipino wameipa sinema ya dunia ni filamu za mtu aliyekwenda kufanya kazi nje. Wenye elimu ya sinema watanirushia mawe. Watamtaja Lav Diaz, aliyechukua tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice mwaka 2016, au Brillante Mendoza, mwongozaji bora wa Cannes 2009. Nawaheshimu. Filamu moja ya Diaz ina saa nane, nami nina familia.

Kama una usiku mmoja tu wa kuwapa Wafilipino, wape Anak, yaani "Mtoto". Ilitoka mwaka 2000, mwongozaji ni Rory Quintos, mama ni Vilma Santos na binti mkubwa ni Claudine Barretto. Josie amekaa Hong Kong miaka akifanya kazi za ndani, sasa anarudi nyumbani moja kwa moja. Ana zawadi ya kila mtu. Ana akiba ya kuanzia biashara na mashoga zake wawili. Ana picha kichwani ya namna watakavyompokea. Mtoto mdogo kabisa, aliyemwacha akiwa mchanga, anamwogopa. Wa kiume ni mpole lakini hajui aongee naye nini. Na Carla, binti mkubwa, anamwangalia mama yake kama mdai aliyekuja kukusanya deni.

Baba wa watoto alifariki mama akiwa huko, na mama hakuja kuzika. Kwa Carla hilo halina msamaha, na mtazamaji naye kwa muda anakuwa upande wa Carla, mpaka tunapojua kwamba waajiri walisafiri likizo wakamfungia Josie ndani ya nyumba yao. Mwandishi wa kawaida angeitoa siri hii, binti angelia, mama angekumbatiwa, tukaenda kulala. Hapa siri inatoka na haitibu kitu. Carla anazidi kulewa, anazidi kuvuta, anahama nyumba. Kuna tukio maarufu ambalo Wafilipino wanalijua kwa moyo, na hadi leo wanaliigiza kwenye sherehe kwa kuchekeshana: mama anamwambia binti kwamba kila anapokunywa pombe na kuvuta sigara, kila anapotapanya pesa aliyotumiwa, akumbuke ni milo mingapi mama yake alijinyima ili pesa hiyo ifike. Nimeliona mara nyingi na bado siwezi kusema nani ana haki. Mama alijinyima kweli. Mtoto naye hakuwahi kuombwa ushauri kama angependa mama au ada.

Jina la filamu linatokana na wimbo wa Freddie Aguilar wa miaka ya 1970, ule wa mtoto anayepotoka na kuwaliza wazazi. Wimbo unamtupia mtoto lawama yote. Filamu inaichukua lawama ileile na kuigawa mezani: kidogo kwa Carla, kidogo kwa Josie, kidogo kwa waajiri, na fungu kubwa linabaki limewekwa pale bila mwenyewe, kwa sababu mwenyewe ni mshahara wa Manila usiotosha kusomesha watoto watatu. Hakuna mhubiri anayesimama kusema hivyo. Tunaiona biashara ikiyumba, akiba ikiisha, na mabegi yakishushwa tena. Mama na binti wanapatana, ndiyo. Kupatana hakulipi ada. Josie anarudi Hong Kong.

Miaka mitano kabla ya hapo kulikuwa na filamu kuhusu Flor Contemplacion, na huyu hakuwa mtu wa kubuni. Alikuwa mama wa watoto wanne, mfanyakazi wa ndani Singapore, aliyehukumiwa kwa kumuua Mfilipina mwenzake na mtoto wa Kisingapore. Rais Fidel Ramos aliomba asinyongwe. Alinyongwa tarehe 17 Machi 1995. Manila ililipuka kwa hasira. Waziri wa mambo ya nje alijiuzulu, na katikati ya mwaka bunge likapitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko nje. Filamu ya Joel Lamangan ilitoka mwaka huohuo, na haraka hiyo inaonekana: ina matukio ya mateso yaliyopakwa chumvi na muziki unaokuelekeza pa kulia. Ila ina Nora Aunor, na hilo lilitosha kumpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Cairo.

Nora ananifanya nisimame kidogo. Alizaliwa Iriga, kwenye mkoa wa Bicol, kwao kukiwa maskini, akiuza maji kwa abiria wa treni. Mwaka 1967 alishinda shindano kubwa la kuimba na sinema ikamchukua. Alikuwa mfupi na mweusi katika tasnia iliyopenda sura za nusu Mzungu, na hadi leo ukiwasha runinga ya Manila utaona mastaa weupe na matangazo ya sabuni za kuwaongezea weupe, jambo ambalo wasichana wetu wa kariakoo za vipodozi wanalielewa bila mkalimani. Watu wa kawaida wakamchagua Nora awe wao. Alipounganishwa na mwigizaji Tirso Cruz kama wapenzi wa kwenye filamu, mashabiki walimpokea hata mwanasesere waliyemchukulia kama mtoto wa wawili hao, mwenye majina matatu. Sitanii.

Nora hatumii mdomo, anatumia macho. Kwenye Himala ya Ishmael Bernal ya mwaka 1982 anaigiza Elsa, msichana wa kijiji kilichopigwa na ukame anayedai amemwona Bikira Maria. Wagonjwa wanamiminika, wafanyabiashara wanawafuata, mishumaa na maji ya muujiza vinauzwa, na mwishoni Elsa anapanda jukwaani mbele ya maelfu kuwaambia hakuna muujiza. Ukiwahi kuona foleni za Loliondo mwaka 2011, watu wakisubiri kikombe cha Babu, hutahitaji maelezo ya ziada. Nora alifariki Aprili 2025, akazikwa kwenye makaburi ya mashujaa wa taifa. Kwa mtu aliyemwigiza dada wa kazi aliyenyongwa ugenini, niliona ni haki.

Kuhusu mwongozaji Lino Brocka nitapita haraka, kwa kuwa wapenzi wake ni wengi na hawanihitaji. Filamu yake Maynila ya 1975, mvuvi anayemfuata mpenzi wake aliyedanganywa kwa kazi ya mjini, ni babu wa filamu zote ninazozisema hapa. Tofauti ni kwamba msichana wa Brocka alipotelea mji mkuu, na mabinti waliokuja baadaye wamepotelea mbali zaidi.

Jambo dogo la kando kuhusu michepuko. Tamthilia za Kifilipino zina wake halali na vimada wengi kuliko nchi yoyote niijuayo, na zamani nilidhani ni ukosefu wa mawazo. Kumbe Ufilipino ndiyo nchi pekee, ukiacha Vatikani, isiyo na sheria ya talaka kwa raia wake wengi. Waislamu wa kusini wana sheria yao tangu 1977; Mkristo aliyechoka na ndoa anapaswa kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba ndoa haikuwa ndoa tangu mwanzo, kwa gharama ambayo mwuza samaki haiwezi. Sasa fikiria mume aliyeko Jeddah na mke aliyeko Cebu miaka kumi. Mlango umefungwa, kwa hiyo watu wote wamo ndani wakipigana makofi. Mswada wa talaka ulipita bunge la chini Mei 2024, ukakwama Seneti. Siku ukipita kote, waandishi wa tamthilia ndio watakaokosa usingizi.

Turudi kwa wasafiri. Hello, Love, Goodbye ya mwaka 2019, ya mwongozaji Cathy Garcia-Molina, ilivunja rekodi ya mapato ya filamu za Kifilipino, na kwa nusu yake ya kwanza ilistahili. Kathryn Bernardo ni Joy, dada wa kazi Hong Kong mwenye ndoto ya Kanada. Sheria ya kule inamtaka aishi kwa mwajiri na asifanye kazi nyingine, naye anafanya vibarua kwa kujificha, anatimua mbio akiona polisi. Kuna Jumapili za mjini kati, wanawake mamia wameketi juu ya makatoni chini ya majengo ya mabenki, wanakula, wanasukana, wanapiga simu nyumbani. Hilo si la kubuni, nenda Hong Kong Jumapili yoyote utaliona. Ila Alden Richards anapoingia na tabasamu lake, sheria ya wapenzi wa kwenye filamu inachukua usukani na kazi inakuwa mandhari. Namsifu mwandishi kwa kitu kimoja: Joy anachagua Kanada, na haombi radhi.

Mwendelezo wake wa 2024, Hello, Love, Again, ulikuwa filamu ya kwanza ya Kifilipino kuvuka mapato ya peso bilioni 1. Wapo Calgary, kuna theluji, kuna koti zuri. Niliangalia nikasikia baridi tu.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba wamewapiga picha sana wa Hong Kong na Ulaya, na wa Uarabuni, ambako wako wengi mno, wamewapiga picha vibaya. Filamu ya Dubai ya 2005 ni ndugu wawili wanaogombea mwanamke mmoja, mji ungeweza kuwa wowote. Emir ya 2010 ni ya nyimbo, yaya wa Kifilipino kwenye kasri la sheikh, mtoto wa mfalme na maadui wa jangwani. Ngano ya kulalia. Ukweli wa kule ni mwingine. Mwaka 2018 mwili wa dada wa kazi Mfilipina ulipatikana kwenye jokofu Kuwait, na Rais Duterte akazuia wafanyakazi wapya kwenda. Manila ikifunga mlango, mawakala hutafuta kwingine, na kwingine huko mara nyingi ni kwetu: Tanga, Mombasa, Kampala.

Mama mdogo wangu alikwenda Muscat kupitia wakala wa namna hiyo. Kwenye nyumba ya jirani alikuwapo Mfilipina, wakawa wanaelewana kwa Kiarabu cha jikoni wakati wa kutupa taka. Ndiye aliyemweleza kwamba serikali yao imeweka kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi, na kwamba ubalozi wao una mahali pa kukimbilia mambo yakiharibika. Mama mdogo alikuwa anapata pungufu ya hapo kwa kazi ileile, na ubalozi wetu alikuwa haujui hata uko upande gani wa mji. Aliyarudia maneno hayo kwetu kwa miaka, si kwa wivu, kwa kustaajabu kwamba dada wa kazi anaweza kuwa na serikali.

Bongo Movie imempa mwanamke wa aina yake nini? Nafasi ya kuchekesha. Anarudi kutoka Oman na simu kubwa, ushungi wa gharama na Kiarabu cha kuokoteza, watu wanacheka, filamu inakwenda kwa mganga. Sihitaji nakala ya Anak. Nahitaji mtu mmoja aweke kamera sebuleni siku mabegi yanapofunguliwa, ndugu wamejaa, na kila mmoja anahesabu kwa macho kilichoenda kwa mwenzake.

Nilimwekea mama mdogo Anak. Aliiangalia yote bila kusema neno, na mimi nikajiandaa kwa machozi. Filamu ilipoisha akauliza, "Na yule mtoto wa Hong Kong aliyekuwa anamlea, waliachana vipi?" Sikuwa na jibu. Filamu inahesabu watoto walioachwa nyumbani tu. Wa mwajiri hayumo kwenye hesabu. Mama mdogo alimlea mvulana Muscat tangu anatambaa mpaka anaanza shule. Siku ya kuondoka alipewa tiketi asubuhi, mtoto akiwa darasani.

Jibu la swali lake halikutengenezwa na Wafilipino. Lilitengenezwa na Msingapore, Anthony Chen, aliyelelewa na Mfilipina, kwenye Ilo Ilo, iliyotwaa tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji kule Cannes mwaka 2013. Ni mwaka 1997, uchumi wa Asia unaporomoka, na Teresa, aliyeigizwa na Angeli Bayani, anaingia kulea mvulana mtundu. Nikamwekea na hiyo. Mama mwenye nyumba alipoichukua pasipoti ya Teresa siku ya kwanza na kuifungia, mama mdogo akanyoosha kidole kwenye skrini: "Hapo sasa. Hawa wanajua." Kisha akanigombeza kwa nini nilianza na ile nyingine.

Tumebakiza Sunday Beauty Queen, ya Baby Ruth Villarama, madada wa kazi wa Hong Kong wanaoandaa mashindano ya urembo siku yao ya mapumziko. Ni ya kweli, si ya kuigiza, na ilikuwa filamu bora ya tamasha la Krismasi la Manila mwaka 2016. Nimeshamwonya kwamba wanavaa mataji Jumapili na kurudi kuosha vyombo usiku. Amesema sharti lake ni moja tu: nisiipeleke mbele pale wanapovaa magauni.